Nani Anamtuma Nani: Istilahi za Barua za Adams na Greene

Tarehe 1 Julai 1777 Nathanael Greene, meja jenerali katika jeshi la makoloni 13 yaliyoasi Uingereza, alimwandikia barua fupi John Hancock, aliyekuwa akiongoza vikao vya Kongresi mjini Philadelphia. Alisema kambini kumeenea habari kwamba Mfaransa mmoja, du Coudray, amepewa umeja jenerali. Ikiwa habari hiyo ni ya kweli, yeye hana budi kujiuzulu, kwa kuwa mgeni huyo atakuwa juu yake. Na ikiwa ni ya kweli, basi aletewe ruhusa ya kuondoka. Siku hiyo hiyo John Sullivan na Henry Knox, majenerali wenzake, waliandika barua za namna hiyo hiyo.

Kongresi ilizisoma ikaghadhibika. Tarehe 7 Julai iliazimia kwamba barua hizo ni jaribio la kuisukuma katika maamuzi yake na ni kuingilia uhuru wa wananchi, ikamtaka Washington, aliyeliongoza jeshi hilo, awaambie watatu hao waombe radhi, na asiyetaka kutumikia chini ya Kongresi yuko huru kwenda zake. Jioni ya maneno mazito kama hayo huzaa barua nyingine. John Adams wa Massachusetts, mwenyekiti wa Halmashauri ya Vita, alimwandikia Greene barua ya tarehe hiyo hiyo, ya rafiki kwa rafiki. Alianza kwa kumwambia kwamba hajapata kushika kalamu kumwandikia bila furaha, ila safari hii anaandika kwa uchungu. Akamsihi akiri kosa. Greene hakukiri. Barua walizokuwa wakipelekeana kwa zaidi ya mwaka mzima zikakatika.

Mtu apendaye maneno akizisoma barua hizo kwa nia ya kuzileta katika Kiswahili hukuta kwamba kila istilahi iliyomo inauliza nani anamtuma nani. Na Kiswahili chetu, kilichopita katika usultani, ukoloni, uhuru na maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, kimeshalijibu swali hilo kwa namna yake ndani ya kila neno. Mara majibu hayo yanawaenea Adams na Greene sawasawa, mara yanawapwaya kama kanzu ya kuazima.

Adams mwenyewe tumwiteje? Mwanasiasa ni neno lililochoka. Siku hizi ukilitamka wasikilizaji wanangoja ahadi isiyotimizwa. Mwanadiplomasia alikuwa baadaye, alipopelekwa Ufaransa mwaka 1778. Katika miaka ya barua hizi alikuwa mjumbe, nami silijui neno lingine linalomkaa vizuri kuliko hilo. Mjumbe ametumwa na wengine, na neno analolibeba si lake peke yake. Massachusetts ilimtuma Philadelphia na ingeweza kumwita arudi. Tangu Juni 1776, Halmashauri ya Vita ilipoundwa, kutwa alishinda na maombi ya vyeo, hesabu za baruti na malalamiko ya makanali. Vitani hakupigana. Alisoma vitabu vya mambo ya vita, na mwaka 1775 alimwandikia mkewe Abigail kwamba laiti naye angekuwa askari.

Greene naye aliijua vita kwanza kwa vitabu. Alizaliwa Rhode Island mwaka 1742, katika ukoo wa wafua chuma waliotengeneza nanga, akalelewa miongoni mwa wale Wakristo ambao watu wa magharibi mwa Kenya wanawajua vizuri kwa jina la Marafiki, dhehebu linalokataa vita. Alikuwa akichechemea. Kikosi cha wenyeji alichosaidia kukiunda mwaka 1774 hakikumtaka kuwa ofisa kwa sababu hiyo, akakubali kuwa askari wa kawaida. Mei 1775 koloni lake lilimpandisha moja kwa moja kuwa brigedia jenerali. Hapo msomaji aliyezoea ngazi za majeshi yetu aelezwe kidogo. Kwetu meja jenerali ana luteni jenerali juu yake, kisha jenerali. Katika jeshi lile hapakuwa na luteni jenerali hata mmoja. Meja jenerali alikuwa na Washington juu yake, pamoja na wale meja jenerali waliotangulia kupewa cheo. Ndiyo maana kutangulia kulikuwa na uzito wote ule.

Sasa hiyo Kongresi. Kuiita Bunge kunaleta picha ya chombo kinachotunga sheria huku serikali ikikaa kwingine. Wale walikuwa na vyote viwili mikononi: walitunga, walikopa, walinunua viatu vya askari na kuteua majenerali. Nabaki na Kongresi, kama magazeti yetu yanavyofanya. Lakini Hancock, ambaye cheo chake kwa Kiingereza ni kile kile tunachokifasiri rais, naona tumwite mwenyekiti. Msomaji wa Kiswahili akisikia rais anaona ikulu, msafara na walinzi. Hancock alipokea barua, akazisoma mbele ya wajumbe, akaandika majibu waliyoafikiana. Hakuwa na mamlaka ya kuhamisha kikosi kimoja kutoka mto huu kwenda mto ule.

Kubwa kuliko hilo ni la Washington. Kongresi ilimteua Juni 1775, na Adams alikuwa miongoni mwa waliosimama kumpendekeza. Cheo alichopewa, ukikifuata neno kwa neno, kinakuja kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Wafasiri wengi wangekiandika hivyo bila kusita, na hapo ndipo maana yote ya barua hizi ingepinduka. Kwetu, Tanzania na Kenya, Amiri Jeshi Mkuu ni rais wa nchi, raia aliyechaguliwa, ambaye wanajeshi wote wako chini yake. Mwanajeshi wa juu kabisa Tanzania ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Neno amiri limetoka shina moja na amri. Amiri ndiye chemchemi ya amri. Hati aliyopewa Washington tarehe 19 Juni 1775 ilimwagiza afuate maelekezo ya Kongresi, naye kwa miaka minane alikuwa akiiandikia Kongresi kueleza, kuomba na kulalamika. Amiri, kwa maana yetu, ilikuwa Kongresi yenyewe.

Tunalo neno lingine, jemadari. Limekuja kutoka Uajemi likipitia Bara Hindi, na katika pwani yetu lilishikwa na makamanda wa askari wa Kibaluchi waliomtumikia sultani wa Zanzibar, wengine wakiwa katika ngome ya Mombasa. Jemadari ana askari, ana upanga na ana sauti, lakini vita ni vya mwingine. Kwa hiyo Washington wa 1775 hadi 1783 nitamwita jemadari mkuu, na jina la Amiri Jeshi Mkuu nitamwekea hadi Aprili 1789, alipoapishwa kuwa rais. Mtu ni yule yule. Ila safari hii alikuwa ameshalirudisha kwanza jeshi mikononi mwa waliompa, mbele ya Kongresi mjini Annapolis, Desemba 1783.

Kuhusu jina la vita hivyo sitachelewa. Wengine husema Vita vya Mapinduzi, wengine Vita vya Uhuru. Mapinduzi kwetu yamebeba mambo mawili: lile tukio la Zanzibar la Januari 1964, na wanajeshi wanaoteka redio alfajiri katika nchi yoyote ile. Hilo la pili ndilo jambo ambalo Adams aliliogopa usiku na mchana. Uzeeni, mwaka 1815 na tena 1818, aliandika kwamba mapinduzi na vita ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba mapinduzi yalikwisha kutokea katika mioyo na fikra za watu kabla bunduki haijalia. Basi tukitumia mapinduzi tuyatumie hivyo, na mapigano yenyewe tuyaite vita vya uhuru.

Mgambo ni neno ninalolipenda, na linastahili kukaliwa kidogo. La mgambo likilia kuna jambo, ndivyo wasemavyo wazee: pembe inapigwa, watu wanaacha majembe, wanakusanyika. Ukitafuta picha ya askari wa vijiji vya Massachusetts waliojitokeza Aprili 1775, huna haja ya kwenda mbali zaidi ya pembe hiyo. Tanzania ilikuwa na hekima ilipolichukua neno hilo kuwaita raia waliofunzwa silaha. Lakini siku hizi lina majirani wabaya. Mchuuzi wa mjini akisikia mgambo anakusanya bidhaa zake na kukimbia. Msikilizaji wa taarifa ya habari akisikia wanamgambo anafikiria makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Mfasiri hana budi kulisafisha neno lake kabla ya kulitumia, aeleze mara moja kwamba hapa ni watu wa pembe.

Na watu wa pembe walikuwa na shida yao, ambayo ndiyo kiini cha barua nyingi za mwaka 1776. Pembe ikinyamaza wanarudi shambani. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, baada ya kuupoteza mji wa New York, Washington aliiandikia Kongresi kutoka Harlem akisema kwamba kuwategemea mgambo ni kuegemea fimbo iliyovunjika. Kongresi ilikuwa imekwisha kuazimia, siku chache kabla, kuunda vikosi 88 vya askari watakaobaki hadi mwisho wa vita. Haikuwa rahisi kwao. Jeshi la kudumu ni istilahi ambayo kwetu haimtishi mtu. Tunazaliwa tunalikuta, linaandamana siku ya uhuru tunalishangilia. Kwa kizazi cha Adams lilikuwa jina la chombo ambacho mfalme alikitumia kuwakalia watu, na wa Boston walikuwa wameishi nacho mitaani tangu 1768. Mfasiri akiandika jeshi la kudumu tu, hofu yote hiyo inabaki nje ya mlango.

Katika barua zake za kwanza kwa Adams, masika ya 1776 akiwa kambini Long Island, Greene alidai jambo moja kwa nguvu ya pekee: askari watakaopata ulemavu kazini wahakikishiwe matunzo. Alisema kwa mtazamo wa mtu anayewaona askari kila siku: hawatajiandikisha wakijua kwamba wakikatika mguu watakuwa ombaomba. Tarehe 26 Agosti 1776 Kongresi ilipitisha kwamba aliyepoteza kiungo au kuwa mlemavu asiyeweza kujipatia riziki alipwe nusu mshahara, maisha yake yote au kwa muda wote wa ulemavu. Pensheni ni neno sahihi la ofisini. Lakini Kiswahili kina kiinua mgongo, na ingawa kisheria kwetu ni malipo ya mkupuo anayopewa anayestaafu, sijaona lugha nyingine iliyotazama malipo hayo kutoka upande wa mgongo ulioinama. Ningekuwa nafasiri barua ya Greene ningeandika pensheni katika azimio la Kongresi, na katika maneno yake mwenyewe ningemtafutia sentensi yenye mgongo ndani yake.

Tumefika kwenye cheo, na hapa ndipo pa kukaa.

Kamusi za zamani zinakumbusha kwamba cheo lilikuwa pia neno la kipimo, kadiri ya kitu, ukubwa wake. Cheo cha mtu ni kipimo alichopimwa. Basi nani mwenye kupima? Tarehe 19 Februari 1777 Kongresi, ikiwa imekimbilia Baltimore, iliazimia kwamba katika kuteua majenerali itaangalia mambo matatu: aliyetangulia, sifa za mtu, na idadi ya askari ambao kila jimbo linatoa. Siku hiyo hiyo ilipandisha watu watano kuwa meja jenerali, ikamruka brigedia jenerali Benedict Arnold ingawa wote watano walikuwa chini yake. Kwa wanajeshi kipimo cha tatu kilikuwa tusi: mtu anapimwa kwa wingi wa watu wa kwao, kama wabunge. Adams alikitetea kwa Greene. Kwake jenerali alikuwa mtu wa wananchi, na wananchi ndio walioshika kijiti cha kupimia; katika barua kwa Abigail alifika hata kusema kwamba majenerali wachaguliwe kila mwaka.

Mei mwaka huo alimlalamikia Abigail kwamba maofisa wanagombania vyeo na mishahara kama manyani wanaogombania karanga. Maneno makali, na naamini hayakuwa ya haki kwa Greene. Kinachowatenganisha ni istilahi moja tu, ambayo kila mmoja aliitumia kwa dhati: heshima. Kwa askari wa karne ile heshima ilikuwa ndiyo mshahara unaofika kwa wakati, maana fedha za Kongresi zilikuwa zikishuka thamani mwezi hata mwezi. Ofisa aliyerukwa alikuwa ameambiwa mbele ya wenzake kwamba hafai. Kiswahili kinaweza kuzigawa maana hizi: heshima ni ile watu wanayokupa, hadhi ni mahali ulipowekwa, staha ni namna unavyojichukua. Greene alidai hadhi akiamini anadai heshima. Adams alisikia majivuno.

Ndipo akaja du Coudray, fundi wa mizinga. Silas Deane, mjumbe wa Kongresi mjini Paris, alimwahidi umeja jenerali na ukuu wa mizinga yote ya jeshi, na cheo hicho kihesabiwe tangu tarehe 1 Agosti 1776. Greene na Sullivan walipandishwa tarehe 9 Agosti 1776. Siku 8. Mtu ambaye siku zile alikuwa bado Ulaya alikuwa anatangulizwa mbele ya waliokuwa wakichimba mahandaki New York, na Knox, aliyeikokota mizinga ya ngome ya Ticonderoga juu ya theluji hadi Boston, alikuwa anawekwa chini yake kabisa. Kwa akili ya kawaida majenerali walikuwa na haki, na Kongresi yenyewe mwishowe haikuutimiza mkataba ule kama ulivyoandikwa. Ilimpa Mfaransa kazi ya ukaguzi wa zana za vita. Septemba mwaka huo huo farasi wake alirukia mtoni kutoka kwenye kivuko cha Schuylkill, naye Mfaransa akazama.

Lakini Adams hakuwa akibishania haki ya Mfaransa. Alikuwa akibishania neno ikiwa. Katika Kiswahili kujiuzulu kuna ukali ambao unafaa kabisa hapa: kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo, nayo ni kazi ya aliyekipa; anayejiuzulu anaitwaa kazi hiyo akajifanyia mwenyewe. Mtu mmoja akijiuzulu kwa uchungu ni jambo lake. Majenerali watatu wakiandika siku moja kwamba mkiamua hivi tunaondoka, katikati ya vita, wamekishika kijiti cha kupimia kwa mkono wao. Hapo namuunga mkono Adams, ingawa naona uchungu wa Greene na ningemtetea katika kila kitu kingine.

Kosa lingine lilikuwa la aina ya barua. Kwa mwaka mzima Greene alikuwa amemwambia Adams mambo mazito zaidi ya hayo, na Adams akamjibu kwa uwazi, kwa sababu ilikuwa barua, neno ambalo kwetu bado lina joto la mtu na mtu. Alichokipeleka Greene kwa Hancock kilikuwa kitu cha kusomwa kikaoni, kikiwa na majina ya wengine pembeni yake. Kiswahili kina waraka kwa ajili ya karatasi inayosemea wengi au kuwasemesha wengi. Barua tatu za siku moja, zenye masharti yale yale, zimekuwa waraka, hata kama kila mmoja ameandika kwa mwandiko wake.

Imebaki saini. Barua rasmi za wakati ule zilifungwa kwa mwandikaji kujiita mtumishi mtiifu na mnyenyekevu wa anayeandikiwa. Jenerali alimwandikia mjumbe hivyo, mjumbe alimwandikia jenerali hivyo, na hata maadui waliandikiana hivyo. Sisi tulirithi mtindo huo kwa njia ya ofisi za wakoloni, ndiyo maana mwombaji wa kazi wa Dodoma au Nakuru bado anafunga barua yake kwa wako mtiifu. Wengi husema ni maneno ya kupita tu. Katika ugomvi huu hayakuwa ya kupita, kwa kuwa swali lililokuwa mezani ni kama mtumishi mtiifu anaweza kuweka masharti.

Mtumishi ni mwana wa tuma. Shina hilo limezaa mtume, utumishi, matumizi. Limezaa pia mtumwa. Kiingereza kina maneno mawili yasiyojuana kwa mtumishi na mtumwa. Kiswahili kimewaweka nyumba moja, na ndugu hawa wawili hawawezi kujifanya hawaonani. Tamko la Kongresi la Julai 1775 lilisema kwamba wako tayari kufa huru kuliko kuishi watumwa. Lilipitishwa katika chumba ambamo wajumbe wengi walimiliki watu. Adams hakumiliki mtu. Greene habari yake ni ndefu zaidi.

Desemba 1781, akiwa sasa jemadari wa jeshi la kusini, Greene alimwandikia John Rutledge, gavana wa South Carolina, akisema kwamba nguvu ya nchi ile kwa idadi ya watu iko zaidi kwa Weusi kuliko kwa Weupe. Alipendekeza waandikwe jeshini, wapewe uhuru wao, wavikwe na kutendewa kama askari wengine. Tazama mtindo: safari hii hakuna sharti, hakuna ikiwa. Ni jenerali anamshauri kiongozi wa raia kisha anangoja, sawasawa na alivyotaka Adams. Bunge la jimbo lilikutana Jacksonborough mwanzoni mwa 1782, likakataa. Greene alitii. Bunge hilo hilo lilimtunuku fedha za kununulia ardhi kwa shukrani, na Georgia nayo ikampa shamba la Mulberry Grove karibu na Savannah. Alihamia huko mwaka 1785, akafariki Juni 1786 akiwa na umri wa miaka 43, mpunga wa shamba lake ukilimwa na watumwa.

Kwa hiyo mfasiri anapokutana na neno hilo katika maandishi ya wanaume hawa, wakilitumia kwa kodi ya chai na kwa askari wa mfalme, asilipunguze makali kwa kuandika ukandamizaji au uonevu. Aandike utumwa.